Kampuni hailipe tena: tubaki ao tutoke?

Katika nyumba nyingi za kampi kuna swali linaloulizwa usiku, watoto wakiisha kulala: Mishahara inachelewa mwezi kwa mwezi, tungojee tu, ao baba atafute kazi ingine?

Wazee wetu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanalijua swali hili. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 470.000 za shaba. Mwezi wa 9 mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, na mwaka 1993 kampuni haikufikisha hata tani 50.000. Lakini watu walibaki. Haikuwa upumbavu. Kampuni ilikuwa inatoa nyumba, hospitali, masomo ya watoto na poso ya unga. Njo maana waliiita baba na mama. Nani anaacha baba yake kwa sababu amegonjwa?

Kisha mwaka 2003 ikaja operesheni ya kutoka kwa mapenzi, kwa feza ya Banki ya Dunia. (Mapenzi gani, wakati chungu hakina kitu?) Watumishi 10.655 walitoka, watu wa miaka 25 ya kazi na zaidi, wakidai mishahara ya miezi mingi. Wengi walisema feza waliyopewa haikulingana na haki yao, na waliendelea kudai. Lakini hata ile waliyopata, ilienda wapi? Kwa wengi ililipa madeni na masomo ya watoto, ikaisha. Wengine waliingia biashara ambayo hawakuijua. Mtu aliyetumika ndani ya mgodi miaka 30, akinunua basi, nani alimfundisha bei ya piesi na tabia ya shofere?

Basi, baba, usihesabu feza ya kutoka kama vile ni kazi. Kazi mpya ianze wakati ya zamani ingali mkononi. Wewe fundi wa umeme, anza kutengeneza nyumba za watu siku ya posho. Kisha miezi mitatu utajua ni wangapi wanakuita, na ni wangapi wanalipa kweli. Hesabu hiyo ni bora kuliko maneno ya marafiki.

Na umuulize mama. Miaka ile ya 1990 nyumba nyingi zilisimama kwa shamba na meza ya soko ya wamama. Anajua biashara kuliko wewe, hata kama hasemi.

Kwa kijana asiye na jamaa kubwa, sisi tunaona heri ajaribu kutoka mapema. Kwa mzee aliyebakiza miaka miwili afikie pensheni, hapana. Avumilie, na aangalie kama michango yake imeandikwa vizuri.

Ukikata shauri, usitoke kwa hasira. Andika barua na utoe preavi. Kanuni ya kazi ya mwaka 2002 inataka mwajiri atoe siku 14 za kazi, na 7 zaidi kwa kila mwaka uliotumika. Mtumishi anatoa nusu yake. Kwa miaka 10, ni siku 42. Omba karatasi ya kumaliza kazi, ni haki yako. Chunga karatasi zote za mshahara, kwani enspekta wa kazi atazitaka ukidai deni.

Na mbele ya kupeleka barua ile, kaeni pamoja mujibu: kama nyumba ni ya kampuni, mwezi unaofuata tutalala wapi? Mtoto akigonjwa usiku, tutagonga mlango wa hospitali gani?