Kichapishi cha Nyumbani: Tupime Gharama ya Ukurasa, Si Bei ya Mashine

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa rahisi ghali. Mwandishi wa makala haya aliusikia usemi huo tangu utotoni, lakini hakuuzingatia hadi alipokuwa mwaka wa nne chuoni. Muhula mmoja kabla ya hapo, mimi na mwenzangu wa chumbani tulichanga pesa tukanunua kichapishi kidogo katika duka moja la mjini kwa bei iliyotufurahisha. Tulikitumia kwa majuma mawili, kisha likizo ndefu ikaja, nasi tukakifunika kwa kitambaa tukaenda zetu. Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha tasnifu, kichapishi kilitoa kurasa zenye michirizi myeupe iliyokata kila mstari. Tuliamuru kijisafishe mara nne, na usafishaji huo ukamaliza wino uliokuwa umesalia. Alfajiri ilitukuta mlangoni pa saiba tukimsubiri mwenyewe aje afungue.

Nimelikumbuka tukio hilo kwa sababu mwaka jana shangazi yangu, mama wa watoto watatu, alinipigia simu kuniomba ushauri. Tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, wazazi wengi wamejikuta wakitumwa na watoto wao kuchapisha picha na kazi za ziada, aghalabu jioni maduka yakikaribia kufungwa. Shangazi alikuwa amechoka.

"Mwanangu, ninunue kichapishi kipi?" akauliza.

"Shangazi," nikamjibu, "kwanza niambie, kwa mwezi mnachapisha kurasa ngapi?"

Hakujua. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwa nini swali hilo ndilo linalofaa kutangulia mengine yote.

Mashine yenyewe na utendaji kazi wake

Mashine tunayoizungumzia ni ile inayojumuisha kazi tatu: kuchapisha kutoka kwenye tarakilishi au rununu, kunakili karatasi, na kutambaza hati, yaani kuchukua taswira yake na kuihifadhi katika tarakilishi. Baadhi huongeza kazi ya nne, faksi, ambayo nyumba nyingi hazina haja nayo.

Kichapishi cha wino hurusha matone madogo mno ya wino juu ya karatasi kupitia matundu yaliyo katika kichwa cha kuchapia. Kuna njia mbili kuu za kuyarusha. Katika njia ya kwanza, inayotumiwa na HP na Canon, wino hupashwa moto kwa ghafla, kiputo kikatokea na kusukuma tone nje. Katika njia ya pili, iliyozoeleka katika mashine za Epson, kipande kidogo hujikunja kinapopitishiwa umeme na kulisukuma tone bila joto. Njia zote mbili huweza kutoa maandishi safi. Kinachomhusu mnunuzi zaidi ni kwamba matundu hayo ni membamba sana, na wino ukikaa bila kutumika hukauka ndani yake. Hicho ndicho kilichotusibu chuoni.

Vilevile, kuna mashine ambazo kichwa cha kuchapia ni sehemu ya katriji. Ukibadilisha katriji, umepata kichwa kipya. Katika nyingine, kichwa ni cha kudumu, na kikiziba kabisa, ukarabati huweza kukaribia bei ya mashine mpya. Muulize muuzaji swali hili kabla ya kulipa.

Gharama halisi i wapi?

Watengenezaji wengi wamezoea kuuza mashine kwa bei nafuu na kupata faida yao katika katriji. Isitoshe, katriji zinazokuja na mashine mpya mara nyingi huwa na wino mchache kuliko zile za kununua baadaye. Ili kukabiliana na malalamiko na ujazaji wino wa kiholela, Epson ilitoa mwaka wa 2010 huko Indonesia kichapishi chenye matangi yanayojazwa wino kutoka kwenye chupa. Kampuni nyingine zilifuata. Mashine za matangi ni ghali kununua lakini wino wake ni nafuu sana kwa kila ukurasa.

Ili tulinganishe, tuchukulie mfano ufuatao. Bei hizi ni za kuonyesha njia ya kupiga hesabu tu. Msomaji aweke bei atakazozikuta dukani.

Mashine ya katriji inauzwa shilingi 6,000. Katriji yake nyeusi ni shilingi 2,000 na hutoa kurasa 160, yaani shilingi 12.50 kwa ukurasa. Mashine ya matangi inauzwa shilingi 25,000. Chupa yake ni shilingi 1,200 na hutoa kurasa 4,000, yaani senti 30 kwa ukurasa. Bunda la karatasi 500 ni shilingi 600, hivyo kila ukurasa unaongezewa shilingi 1.20. Saiba inatoza shilingi 10 kwa ukurasa, karatasi ikiwemo.

Familia inayochapisha kurasa 15 kwa mwezi itakuwa imechapisha kurasa 360 katika miaka miwili. Mashine ya katriji itaigharimu shilingi 10,932, ya matangi shilingi 25,540, na saiba shilingi 3,600. Familia ya kurasa 60 kwa mwezi itatumia shilingi 25,728 kwa katriji, shilingi 27,160 kwa matangi, na shilingi 14,400 kwa saiba. Familia ya kurasa 200 kwa mwezi, labda yenye mwalimu au mwenye biashara ndogo nyumbani, itatumia shilingi 71,760 kwa katriji, shilingi 32,200 kwa matangi, na shilingi 48,000 kwa saiba.

Hesabu hii inatufunza mambo mawili. Kwanza, katika mfano huu mashine ya bei nafuu haiishindi saiba hata siku moja, kwa kuwa kila ukurasa wake ni ghali kuliko ule wa saiba. Kadiri unavyochapisha ndivyo hasara inavyozidi. Pili, mashine ya matangi huanza kurudisha fedha zake baada ya kurasa 2,900 na ushei, yaani takriban kurasa 123 kila mwezi kwa miaka miwili. Bila shaka nauli, muda na usalama wa mtoto anayetumwa usiku vina thamani yake, na kila mzazi aviongeze katika mizani yake mwenyewe.

Mambo mengine ya kupimwa

Idadi ya kurasa. Kipimo cha kimataifa cha ISO/IEC 24711 huonyesha jinsi ya kupima idadi ya kurasa ambazo katriji hutoa, kwa kuchapisha kurasa maalumu za majaribio mfululizo. Takwimu iliyoandikwa kwenye pakiti husaidia kulinganisha mashine na mashine. Hata hivyo, mtumiaji wa nyumbani huwasha na kuzima, na wino mwingine huishia katika usafishaji wa kichwa. Asitarajie kuifikia idadi hiyo kikamilifu.

Rangi. Katriji moja inapobeba rangi zote tatu, moja ikiisha nyingine hutupwa nayo. Baadhi ya mashine hukataa kuchapisha hata maandishi meusi rangi mojawapo ikiisha. Ni heri rangi zilizotengana.

Aina ya wino. Kuna wino wa rangi iliyoyeyushwa, ambao hupendeza katika picha lakini huchuruzika ukipatwa na maji. Kuna pia wino wa chembechembe, ambao huhimili maji vizuri zaidi. Anayechapisha barua rasmi na apendelee huu wa pili kwa rangi nyeusi.

Utambazaji. Kwa hati za kawaida, nukta 300 kwa inchi zinatosha. Tarakimu kubwa zinazotangazwa kwenye sanduku hazina faida kwa wengi. Mwanafunzi anayetambaza vitabu ajue kuwa skana nyembamba za mashine nyingi za nyumbani hufifiza maandishi yaliyo karibu na mshono, pale ambapo ukurasa haulali juu ya kioo. Aidha, rununu nyingi za kisasa zina programu za kutambaza zinazokidhi haja ya mara mojamoja. Usilipie skana usiyoihitaji.

Pande mbili. Mashine inayogeuza karatasi yenyewe huweza kupunguza karatasi kwa nusu. Kwa mwenye kuandika tasnifu, hili si jambo dogo.

Majaribio dukani na utunzaji nyumbani

Kabla ya kununua, omba mashine ifunguliwe na ichapishe ukurasa mmoja wa maandishi madogo na mmoja wenye rangi. Tazama kingo za herufi. Nakili kitambulisho chako uone kama tarakimu zinasomeka. Uliza bei ya wino katika duka hilo na katika duka jingine, na uhakikishe kuwa unapatikana karibu na nyumbani. Kichapishi ambacho wino wake unapatikana Nairobi pekee hakimfai mkazi wa Lodwar.

Ukishakinunua, chapisha angalau ukurasa mmoja wenye rangi kila juma ili matundu yasizibe. Kizime kwa kitufe chake, si kwa swichi ya ukutani. Kinapozimwa kwa kitufe, kichwa hurudi mahali pake na kufunikwa kisikauke. Ukikata umeme ghafla, huenda kikabaki wazi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa kichapishi hakipimwi kwa bei ya siku ya kwanza, bali kwa gharama ya kila ukurasa na kwa mazoea ya nyumba husika. Nyumba inayochapisha mara chache hudhurika mara mbili: hulipia mashine, kisha wino hukauka humo.

Shangazi alitundika kipande cha karatasi jikoni, na kila walipochapisha kitu saibani aliandika idadi. Mwezi ulipoisha, jumla ilikuwa kurasa 41. Hajanunua kichapishi. Alichofanya ni kuwaagiza wanawe wamwonyeshe kazi zao pindi wafikapo kutoka shuleni, kabla saiba haijafungwa. Fedha alizokuwa ameziweka kando zililipa karo ya kifungua mimba wake. Nawe msomaji mtukufu, kabla hujaingia dukani, hesabu kwanza.