GPS ya Pikipiki: Ramani Kwanza, Kifaa Baadaye

Barabara ya Dodoma–Morogoro haidai GPS. Ina lami, vibao na malori ya kutosha kumwonyesha mgeni njia. Mambo hubadilika ukiiacha pale Mbande, ukapita Kongwa na Mpwapwa, ukateremka hadi Gulwe. Gulwe ni mji mdogo wa stesheni kwenye Reli ya Kati, wilayani Mpwapwa, na kuanzia hapo njia zinatawanyika. Moja inaelekea Kibakwe. Nyingine inashika Berege, Chitemo na Mima hadi Chipogolo, kwenye barabara kuu ya Dodoma–Iringa. Katikati ya vijiji hivyo kuna njia za ng'ombe, njia za bodaboda na makorongo ya mchanga ambayo kivuko chake cha mwaka jana si lazima kiwe cha mwaka huu.

Anayepanga safari ndefu ya pikipiki katika nchi ya namna hii huuliza mapema: ninunue GPS gani? Wauzaji humjibu kwa ukubwa wa skrini na jina la kampuni. Ushauri wangu ni kuanzia kwenye ramani itakayokaa ndani ya kifaa, kisha umeme wa kukiendesha, na jina la kampuni lije mwisho. Kifaa cha bei mbaya kisichoijua Chitemo kitakuchorea mshale mzuri juu ya skrini tupu.

Setilaiti hazidai bando

Kwanza tuondoe hofu moja. GPS yenyewe haitumii intaneti. Mfumo huu wa Marekani, uliokamilika kwa matumizi mwaka 1995, una setilaiti zisizopungua 24 zinazozunguka dunia kwa umbali wa kilomita 20,200 hivi kutoka ardhini. Kila moja inatangaza saa yake na mahali ilipo. Kifaa chako kinasikiliza tu, kinapima mawimbi yalivyochelewa kufika kutoka setilaiti nne au zaidi, kisha kinakokotoa ulipo. Hadi Mei 2, 2000, Marekani ilikuwa ikiharibu makusudi usahihi wa mawimbi ya kiraia. Tangu izime hila hiyo, kifaa cha kawaida mahali palipo wazi hukosea kwa mita chache tu. Simu nyingi za sasa husikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China.

Kinachohitaji intaneti ni ramani, kama hukuipakua mapema. Kuna pia jambo la pili ambalo wengi hawalijui: simu hutumia mtandao kupata haraka taarifa za mizunguko ya setilaiti. Pasipo mtandao, inabidi izipokee kutoka angani kwenyewe, polepole, na hilo huchukua kuanzia nusu dakika hadi dakika kadhaa. Ukiiwasha bondeni huku pikipiki inakimbia, itahangaika zaidi. Dawa ni rahisi: iwashe ukiwa umesimama mahali peupe, subiri ikupate, ndipo uondoke.

Ramani ipi inaijua Gulwe?

Vifaa vya Garmin na TomTom vinavyonunuliwa Ulaya mara nyingi huja na ramani za huko. Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo. Garmin za pikipiki, kama zūmo XT ya mwaka 2020 na XT2 ya mwaka 2023, hukubali kuongezewa ramani nyingine kwa kadi ndogo ya kumbukumbu. TomTom Rider hukubali ramani za TomTom peke yake. Kwa anayezunguka Ufaransa hilo si tatizo. Kwa anayekwenda Mima, ni sababu tosha ya kukiacha kifaa dukani.

Ramani za kuongeza ziko za aina mbili zinazofaa kwetu. Ya kwanza ni Tracks4Africa, ya kulipia, iliyojengwa kwa nyayo za wasafiri wa Afrika wenyewe. Nguvu yake ni barabara za vumbi na muda halisi wa safari. Ya pili ni OpenStreetMap, ya bure, iliyoanzishwa mwaka 2004 na kuchorwa na watu wa kujitolea. Tanzania imenufaika nayo kuliko wengi wanavyodhani. Mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015 kwa kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayokumbwa na mafuriko. Mwaka huohuo Crowd2Map Tanzania ilianza kuchora vijiji, na moja ya sababu zake ilikuwa kuwasaidia wanaharakati kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji. Kwa kazi ya watu hao, leo njia nyingi za vijijini zinaonekana kwenye simu ya bei nafuu.

OpenStreetMap unaweza kuitia kwenye Garmin, au kuitumia kwenye simu kupitia programu kama OsmAnd na Organic Maps, ambazo hufanya kazi bila mtandao ukishapakua nchi nzima. Google Maps nayo inapakulika, lakini kwa vipande, na programu yake ya simu haifungui faili la GPX, ambalo ndilo lugha ya wasafiri wa pikipiki.

Njia si nyayo

Faili la GPX linaweza kubeba vitu vitatu, na kuvichanganya ndiko kunakopoteza watu. Kuna nukta, yaani mahali pamoja: kisima, kituo cha mafuta, zahanati. Kuna njia, ambayo ni orodha ya nukta chache. Kifaa ndicho kinachoamua barabara ya kuziunganisha kwa kufuata ramani yake. Halafu kuna nyayo, mstari kamili wa mahali mtu alipopita kweli, nukta baada ya nukta.

Mkipeana njia ya Gulwe–Chipogolo na kila mmoja ana ramani yake, mnaweza kupelekwa barabara tofauti, na vifaa vyenu vyote viwili vikawa vinafanya kazi sawasawa. Aliyeweka mpangilio wa kukwepa barabara za vumbi anaweza kurudishwa hadi lami ya Dodoma. Mkipeana nyayo, mtaona mstari uleule. Kwa hiyo kabla ya kununua kifaa, hakikisha kinaonyesha nyayo kama zilivyo, bila kuzikokotoa upya.

Nyayo nazo huchakaa, na Gulwe ni shahidi mzuri. Reli ya kisasa ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, imepita kwenye ukanda huuhuu wa Kilosa, Kidete na Gulwe. Reli ya zamani ulikuwa unaivuka usawa wa ardhi. SGR unapita chini ya daraja lake au juu yake, pale tu palipojengwa. Nyayo za mtu aliyepita kabla ya ujenzi zinaweza kukuleta hadi kwenye tuta la reli, na upande wa pili ukauona kwa macho tu. Tazama tarehe ya faili kabla ya kuliamini.

Mlali ipi?

Ukiandika jina la kijiji kwenye kifaa, usibonyeze jibu la kwanza. Kuna Mlali ya Kongwa na kuna Mlali ya Mvomero, mkoani Morogoro. Zote mbili zinafikika kwa pikipiki ndani ya siku moja ukitoka Dodoma, na kifaa hakijui shemeji yako anaishi ipi. Tumia namba za mahali, latitudo na longitudo, kila unapoweza.

Namba nazo zina mtego. Latitudo inaweza kuandikwa kwa digrii na dakika, au kwa digrii zenye desimali. Digrii 6 na dakika 30 kusini ni 6.5 kwa desimali, kwa kuwa digrii moja ina dakika 60. Ukiiandika 6.30 umekosea kwa digrii 0.2, na kwa kuwa digrii moja ya latitudo ni karibu kilomita 111, umejipeleka kilomita 22 kaskazini. Nyikani, na mafuta yako yameshuka, hizo si kilomita za mchezo.

Ukipewa namba za gridi ya UTM, wanayoitumia wapimaji, uliza na kanda. Longitudo ya 36 mashariki inapita kati ya Dodoma mjini na Mpwapwa: Dodoma mjini iko kanda ya 36, Gulwe iko kanda ya 37. Na ukichukua namba kutoka ramani za zamani za serikali za kipimo cha 1:50,000, kumbuka zilichorwa kwa msingi uitwao Arc 1960, wakati GPS hutumia WGS 84. Usipobadilisha mpangilio, utakosea kwa kama mita 300.

Jua, vumbi, mtikisiko na umeme

Sasa kifaa chenyewe. Skrini lazima isomeke saa saba mchana. Zūmo XT ina mwanga wa niti 1,000 na inaguswa ukiwa na glavu. Simu nyingi zinaweza kuwa na mwanga wa kutosha, ila joto huzishinda: Apple, kwa mfano, inashauri iPhone itumike mahali penye nyuzi joto kati ya 0 na 35. Ikipigwa na jua la Ugogo huku injini inapuliza chini yake na chaja imechomekwa, simu itapunguza mwanga au itajizima.

Kuhusu maji na vumbi, soma herufi zilizo kwenye boksi. IP67 ina tarakimu mbili: 6 inasema vumbi haliingii kabisa, 7 inasema kifaa kinahimili kuzamishwa kwenye maji ya mita moja kwa nusu saa. Ukiona IPX7, hiyo X imechukua nafasi ya vumbi. Maana yake hapo hakuna daraja la vumbi lililotajwa. Vifaa kadhaa vya pikipiki vinauzwa kwa IPX7, na kwetu vumbi hutangulia mvua. Maganda ya mpira ya kuziba matundu usiyapoteze.

Mtikisiko ni adui wa kimyakimya. Septemba 2021 Apple ilitoa tahadhari kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za baadhi ya iPhone zinapofungwa kwenye usukani. Njia salama ni kutumia simu ya pili, ya bei ndogo, kwa ajili ya ramani peke yake, kwenye kishikio chenye raba za kupunguza mtikisiko. Ile yenye M-Pesa na namba za nyumbani ikae mfukoni.

Umeme ndio unaosahaulika zaidi. Simu iliyowasha skrini huku inachajiwa inaweza kula wati 10, yaani karibu ampea moja kutoka betri ya volti 12. Injini ikiwa imezimwa, betri ndogo ya ampea-saa 5 itakaushwa kwa saa tano hivi, na uwezo wa kupiga stata utaisha mapema zaidi. Mwambie fundi wa umeme aunge chaja kwenye waya unaokatika ukizima ufunguo, aweke fyuzi, na asiunge moja kwa moja kwenye betri. Tundu la USB hulegea kwa kutikiswa. Vifaa maalumu vya pikipiki hukaa kwenye kitako chenye pini imara, na hiyo ndiyo faida yao kubwa kuliko hata skrini.

Kisichokuwamo kwenye skrini

Kati ya Kilosa na Gulwe, reli ya zamani imesombwa na maji mara nyingi. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliivunja vibaya na kusimamisha treni kwa miezi. Mto Kinyasungwe, unaoteremka na kuitwa Mkondoa, hauna habari na ramani ya mtu. Kifaa kitasema mbele kuna njia, na kitakuwa sahihi. Hakitasema kwamba jana usiku kumenyesha milimani. Kati ya Desemba na Aprili, swali la mwisho kabla ya kuvuka korongo waulize wenyeji: wafugaji na vijana wa bodaboda waliovuka asubuhi.

Waulize na mafuta. Misafara ya karne ya 19 kutoka pwani ilijaza maji Mpwapwa kabla ya kuingia Marenga Mkali, nyika kavu ya kuelekea Ugogo. Nawe jaza tangi Mpwapwa, na kila kituo cha mafuta utakachokikuta kitie nukta kwenye kifaa chako.

Ununue kipi?

Kama safari zako ni za ndani ya Tanzania, simu ya pili yenye IP67 au zaidi, OsmAnd au Organic Maps, kishikio kizuri na chaja iliyofungwa na fundi vinatosha. Kama unavuka mipaka kwa wiki nyingi kwenye pikipiki kubwa, zūmo ina thamani yake. XT2 ilitoka kwa dola 600 za Marekani, karibu shilingi milioni moja na nusu kabla ya usafiri na ushuru, na simu yenye ramani uiweke kama akiba. Kama unasafiri peke yako mbali na minara, fedha ya ziada ipeleke kwenye kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, kama inReach inayotumia mtandao wa Iridium, na uliza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) utaratibu wa kukitumia kabla ya kukiagiza.

Ukishanunua, kipime kabla ya safari. Ukiwa bado Mpwapwa, weka simu kwenye hali ya ndegeni, tafuta Gulwe, kisha Chitemo, kisha Chipogolo. Jina likikosekana au njia isipochorwa, kaa hapohapo penye mtandao urekebishe, ndipo upige stata.