WLS: Redio ya wakulima iliyobadili wamiliki mara sita

Na Mwandishi Wetu

HERUFI tatu za jina la redio ya WLS ya mjini Chicago, Marekani, ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya Duka Kubwa Kuliko Yote Duniani. Jina hilo halikutolewa bure. Redio hiyo ya mawimbi ya AM ilianzishwa na wenye duka, ikanunuliwa na wenye jarida la wakulima, kisha ikapita katika mikono ya makampuni ambayo riziki yao haikutoka shambani.

Historia yake inamgusa kila mkulima na mfanyabiashara mdogo anayefungua redio asubuhi kutafuta bei ya mazao. Inaonyesha kuwa vipindi humfuata yule anayelipa gharama.

Duka lafungua redio

Kampuni ya Sears, Roebuck ilijijengea jina kwa kuuza bidhaa kwa njia ya posta. Mkulima alipelekewa kitabu kinene cha bidhaa, akachagua cherehani, zana au nguo, akatuma fedha na mzigo ukamfuata kwa treni.

Aprili 12, 1924, kampuni hiyo ilifungua redio yake kupitia taasisi yake ya kilimo. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Mkulima akivuna vizuri na kuuza kwa bei nzuri, atakuwa na fedha za kununua bidhaa. Aidha, Sears yenyewe ilikuwa ikiuza vyombo vya redio.

Wiki moja baadaye, Aprili 19, kilianza kipindi cha muziki wa vijijini cha Jumamosi usiku, kilichokuja kujulikana kama National Barn Dance. Kipindi hicho kilidumu WLS kwa miaka 36.

Machi 1925, kimbunga kilipopiga majimbo ya Missouri, Illinois na Indiana na kuua watu karibu 700, redio hiyo iliomba michango hewani. Wasikilizaji walitoa zaidi ya dola 200,000. Hapo ndipo wengi walipoona nguvu ya chombo hicho kipya.

Jarida lashika usukani

Mwaka 1928, Sears iliiuza WLS kwa Prairie Farmer, jarida la wakulima lililoanzishwa mwaka 1841. Mwenye jarida alikuwa Burridge Butler. Chini yake, mkulima akawa ndiye mteja mkuu.

Saa za mchana, familia zilipokuwa mezani, kilirushwa kipindi cha Dinner Bell, yaani kengele ya chakula, chenye habari na mawaidha ya kilimo. Ratiba ya redio ilikuwa pia na hali ya hewa na bei za masoko.

Taarifa za bei zilikuwa na faida ya moja kwa moja. Chicago ilikuwa na soko kubwa la mifugo, na wanyama walipelekwa huko kwa treni. Siku waliyofika wengi mno, bei ilianguka. Mfugaji asiyekuwa na habari aliligundua hilo nguruwe wake wakiwa wameshafika sokoni, na kuwarudisha nyumbani ilikuwa hasara juu ya hasara. Aliyesikiliza redio aliweza kusubiri siku mbili tatu, na dalali akija zizini hakuweza kumdanganya kirahisi.

Mawimbi ya AM yalifaa kazi hiyo. Usiku huakisiwa na tabaka la juu la anga na kurudi ardhini mbali sana na mtambo. Kwa mtambo wa wati 50,000, WLS ilisikika usiku katika majimbo mengi.

Muziki nao ulilipa. Kuanzia mwaka 1932, watu walikata tiketi kuitazama National Barn Dance katika ukumbi wa Eighth Street Theatre, na mwaka uliofuata sehemu ya kipindi ikaanza kurushwa nchi nzima na mtandao wa NBC.

Wakulima wapungua

Butler alifariki mwaka 1948. Wakati huo hali ya vijijini ilikuwa ikibadilika. Matrekta yalichukua kazi ya mikono, na vijana wakahamia mijini. Mwaka 1930 Marekani ilikuwa na watu takriban milioni 30 wanaoishi mashambani. Kufikia mwaka 1960 walibaki kama nusu ya hao.

Shirika la utangazaji la ABC, ambalo tangu mwaka 1954 lilikuwa na nusu ya WLS, lilichukua redio yote mwaka 1960. Mei 2 mwaka huo redio ikageukia muziki wa vijana. National Barn Dance ikatoka.

Kibiashara, ABC haikukosea. WLS ikawa miongoni mwa redio za muziki zilizovuma sana Marekani. Lakini mkulima hakuwa tena mlengwa.

Jirani yake, redio ya WGN, iliona nafasi hiyo. Mwaka huohuo ilimwajiri mtangazaji wa kilimo Orion Samuelson, ambaye alidumu hapo hadi mwaka 2020. Hata National Barn Dance ilihamia WGN na kuendelea kwa miaka kadhaa.

Madeni ya wanunuzi

Muziki wa vijana nao haukudumu. Wasikilizaji walihamia FM yenye sauti safi zaidi, na Agosti 1989 WLS ikawa redio ya mazungumzo.

Umiliki uliendelea kuhama: Capital Cities mwaka 1986, Disney mwaka 1996, Citadel mwaka 2007 na Cumulus mwaka 2011. Citadel ilikimbilia ulinzi wa sheria ya ufilisi mwaka 2009, na Cumulus ikafanya hivyo mwaka 2017. Kila moja ilikuwa na deni la zaidi ya dola bilioni 2.

Kwa mfanyabiashara, hapo pana somo. Redio zilizonunuliwa kwa mikopo mikubwa zilitakiwa kulipa riba hata matangazo ya biashara yalipopungua.

Kwa mkulima, somo ni jingine. Sears na Prairie Farmer hawakuwa wafadhili. Waliwahudumia wakulima kwa sababu mfuko wa mkulima ulikuwa ndio mfuko wao. Uhusiano huo ulipokatika, huduma nayo ilipungua.

Hivyo, ndugu msomaji, ukitegemea redio, ujumbe wa simu au wakala kupata bei ya mahindi au mbuzi, uliza anayelipia huduma hiyo anapata nini wewe ukiuza vizuri. Kama hapati kitu, jiungeni na wenzako mtafute njia ya pili mapema, kabla ya msimu wa kuuza.