Kukagua Matunzo ya Mugonjwa Nyumbani

Wagonjwa wengi wa Oicha hawalali katika hospitali. Mutu aliyepooza upande mumoja, muzee asiyeweza kusimama, mama mwenye kansa, kijana aliyevunjika uti wa mugongo: hao wanakaa hospitalini siku chache, kisha wanarudishwa nyumbani, na huko wanatunzwa miezi na miaka. Anayewatunza ni muke, ao binti, ao mukwe. Mara nyingi hakuna aliyemufundisha kazi hiyo, wala hakuna anayemulipa.

Kanisa linatuma mashemasi na akina mama kuwaona watu hao. Zone ya afya nayo ina wajumbe wake wa kujitolea, wale wanaoitwa rele, wanaopita nyumba kwa nyumba. Wakirudi tunawauliza: Mugonjwa yuko namna gani? Wanajibu: Yuko muzuri, tuliomba naye, alitusalimia. Si jambo baya. Lakini kusalimia ni kusalimia, na kukagua ni kazi nyingine. Mutu aweza kukusalimia kwa furaha huku nyama ya mugongo wake inaoza chini ya blanketi.

Basi, kukagua ni nini? Ni kutazama kwa macho yako, na kugusa kwa mukono wako, na kumusikiliza mugonjwa mwenyewe, ili ujue kama matunzo anayopewa yanatosha. Ukoma unatufundisha neno hili vizuri, na hapa Oicha ukoma ulitunzwa miaka mingi katika siku za Daktari Carl Becker. Ukoma unaua maumivu. Ukimuuliza mwenye ukoma, “Muguu wako unauma?” atasema hapana, na atasema kweli, huku musumari umeingia katika unyayo wake. Kwa hiyo munganga wa ukoma haulizi tu. Anainua muguu na kutazama chini yake. Kwa mutu aliyepooza ni vilevile, na kwa mwenye ugonjwa wa sukari pia.

Lakini kwanza omba ruhusa. Tangu Agosti 2018 hata Juni 2020, wakati wa Ebola, kila mutu aliyemugusa mugonjwa alifuatwa nyumbani kwake siku 21 na watu wa afya. Kazi ile ilikuwa ya lazima, lakini nyumba nyingi zilichoka kutazamwa, na nyingine ziliogopa. Usiingie kama askari. Sema wewe ni nani, nani amekutuma, unataka kutazama nini. Kama mugonjwa angali na akili yake, yeye mwenyewe ndiye wa kukubali, si mume wake tu, wala watoto wake tu. Nendeni wawili, mwanamume na mwanamuke, ili mwanamume asifunue mwili wa mama wa watu. Nawa mikono kwa sabuni mbele ya kumugusa na nyuma yake. Na ukikuta homa kali pamoja na kutapika ao kutoka damu, usimuguse hata kidogo. Toka, na upeleke habari upesi kwa sentre ya afya.

Sasa vidonda vya kulala. Hapa nitakaa kidogo, maana ni hapa nyumba nyingi zinashindwa. Mutu akilala namna moja bila kugeuzwa, mufupa unabana nyama juu ya kitanda, damu haipiti, na nyama inakufa. Haihitaji wiki nzima. Masaa machache yanatosha kuanza. Waombe wamugeuze mbele yako. Tazama mufupa wa chini ya mugongo, juu ya matako, kisha nyonga mbili, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega, na nyuma ya kichwa. Vitabu vingi vinasema utafute wekundu. Viliandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe. Katika ngozi yetu wekundu unajificha. Tafuta pahali palipozidi kuwa peusi ao penye rangi ya zambarau, pahali penye moto kuliko pembeni, pagumu, ao palipolegea kama embe iliyoiva sana. Pima joto kwa mugongo wa vidole vyako. Ukipata pahali pa namna hii, nyama ya chini imekwisha kuanza kuumia, hata kama ngozi haijapasuka.

Kisha uliza: Asubuhi alilalia upande gani? Saa sita nani alimugeuza? Kama hakuna anayeweza kujibu, fahamu ya kwamba hakugeuzwa. Sheria ya wauguzi ni kila masaa mawili. Katika nyumba ambapo mutu mumoja anatunza, analima na kupika, sheria hiyo peke yake haisaidii kitu. Itamutia huzuni tu. Afadhali mupange pamoja naye: amugeuze mbele ya kwenda shambani, jirani amugeuze muchana, tena akirudi, tena wakati wa chakula, tena mbele ya kulala. Muonyeshe namna ya kuweka nguo za zamani zilizokunjwa kati ya magoti, na chini ya miguu ili visigino visiguse kitanda. Zamani wauguzi walifundishwa kusugua mahali hapo kwa nguvu, kwa spiriti ao kwa mafuta, na wazee wetu wengine wangali wanafanya hivyo. Leo inajulikana ya kwamba kusugua kunaumiza zaidi nyama iliyo dhaifu. Waache.

Tazama kinywa pia. Ulimi mukavu, midomo iliyopasuka, mukojo kidogo wenye rangi ya chai: mutu huyu anakosa maji. Mara nyingi si kwa sababu maji hayako nyumbani. Mutunzaji amechoka kufua nguo zenye mukojo, basi anapunguza kinywaji jioni, kisha muchana pia. Ao mugonjwa mwenyewe anakataa kunywa kwa haya. Usimukaripie mutu. Tazama tu kikombe kiko wapi. Kama kiko pahali mukono wake haufiki, umekwisha kupata jibu. Na aliyepooza alishwe akiwa ameketi. Kama anakohoa kila anapokunywa, umwambie munganga, kwa sababu maji yanaingia katika mapafu.

Dawa uzihesabu. Tuseme alipewa vidonge 30 tarehe 1, kimoja kwa siku: asubuhi ya tarehe 11, kabla hajameza, lazima vibaki 20. Vikibaki 27, hamezi. Vikibaki 8, kuna mwingine anayevimeza. Dawa ya presha ndiyo inayoachwa mara nyingi, kwa sababu kichwa kimeacha kuuma na watu wanadhani ugonjwa umekwisha.

Maumivu nayo. Wengi wanafikiri ya kwamba mwenye kansa hana budi kuvumilia. Si hivyo. Huko Uganda, tangu 1993, Hospice Africa Uganda inapeleka morfini ya kunywa hata nyumbani kwa wagonjwa, na tangu 2004 sheria ya inchi ile inaruhusu wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuiandika. Kama mugonjwa halali usiku kwa maumivu, andika neno hilo mbele ya mengine yote, na habari imufikie munganga.

Sasa upate dakika chache peke yako na mugonjwa. Mutunzaji akienda kuchota maji, ndiyo nafasi. Uliza: Jana nani alikuosha? Ulikula nini? Kuna kitu unachoogopa katika nyumba hii? Usimujibie. Ngojea.

Katika Uingereza, ambapo kuna kampuni zinazolipwa kutunza watu wazima majumbani, iko tume inayowakagua, Care Quality Commission, iliyoanza kazi yake 2009. Inauliza maneno matano: matunzo ni salama? Yanafaa? Yana upole? Yanafuata haja za mutu? Yanaongozwa vema? Sisi hatuna kampuni hizo, lakini maswali ni mazuri, na lile la tano linatugusa kuliko mengine. Nimeona nyumba ambapo muzee ana watoto sita, wamoja Beni, wengine Butembo. Wote wanatuma pesa kidogo, wote wanapenda baba yao, na hakuna hata mumoja anayeamua. Nyumba kama hiyo iitie mukutano, ichague mutu mumoja, na jina lake liandikwe.

Tena umuangalie mutunzaji. Tangu mauaji yaliyoanza katika teritware ya Beni Oktoba 2014, jamaa nyingi zilikimbilia Oicha, na nyumba moja yaweza kuwa na jamaa mbili ao tatu. Mara nyingi anayemutunza mugonjwa ni musichana aliyeacha masomo. Umuulize: Ni lini ulilala usiku muzima? Kama hakumbuki, kazi yako ya juma hili si kumufundisha, ni kumutafutia akina mama wawili wa kumupokea siku ya pili na ya tano.

Lakini ukikuta mutu amefungwa kamba, ao amefungiwa chumbani, ao ana alama za kupigwa, ao ananyimwa chakula, hapo usiishie kwa maombi. Siku ile ile umwambie muchungaji, na munganga wa sentre ya afya, na shefu wa kartie.

Ukimaliza, andika katika kaye, na kaye ibaki nyumbani kwa mugonjwa ili mukaguzi mwingine aione. Usiandike “yuko muzuri.” Andika: kisigino cha kuume cheusi, upana wa kidole gumba, kikombe mbali na kitanda, vidonge 14, mama mwenye kutunza hajalala. Andika nani ameahidi nini, na siku utakayorudi. Nyuma ya wiki moja pima pahali pale pale kwa kidole kile kile. Kama kidonda kimepanuka, ao mufupa unaonekana, ao kuna harufu mbaya pamoja na homa, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.