Paka wa Davis na Wagonjwa wa Butembo

Tarehe 12 Agosti 2019 yalitangazwa matokeo yaliyongojewa kwa hamu Kivu Kaskazini, Kongo. Dawa nne za Ebola zilikuwa zikijaribiwa katika vituo vya Butembo, Katwa, Beni na Mangina. Mbili zilionekana kuokoa watu zaidi, nyingine mbili zikaachwa, na mojawapo ya zilizoachwa ni remdesivir. Mwaka uleule watafiti wa mjini Davis, California, walichapisha matokeo ya dawa ya ukoo huohuo iliyoponya paka waliougua ugonjwa ambao hadi hapo haukuwa na tiba.

Paka wana virusi vyao vya korona. Huishi katika utumbo, hutoka na kinyesi na kuenea upesi pale paka wengi wanapotumia mahali pamoja pa kujisaidia. Haviambukizi binadamu. Paka wengi huharisha kidogo tu au hawaonyeshi dalili yoyote. Lakini kwa wachache virusi hubadilika humohumo mwilini, vikaacha utumbo na kuingia katika seli za kinga, zile ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu. Seli hizo huvisambaza mwili mzima. Tumbo au kifua hujaa maji, homa haishuki, na paka hukonda hadi kufa. Madaktari wa mifugo huuita ugonjwa huu FIP, na ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963.

Niels Pedersen wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliufuatilia kwa miongo kadhaa. Yeye na wenzake walipata kutoka kampuni ya Gilead Sciences dawa iitwayo GS-441524. Hicho ndicho kiini cha remdesivir: remdesivir ni molekuli hiyo iliyoongezewa sehemu ya kuisaidia kupenya ndani ya seli. Kwanza waliijaribu katika seli za paka zilizooteshwa maabara, na virusi vikashindwa kuongezeka. Kisha wakawatibu paka 10 walioambukizwa kwa makusudi. Wote walipona, ingawa wawili walihitaji kutibiwa tena. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018. Mwaka uliofuata yakachapishwa matokeo ya paka 31 waliougua majumbani mwao: watano walikufa au walilazimika kuuawa ili wasiteseke zaidi, 26 wakamaliza matibabu ya wiki 12 au zaidi, na karibu wote hao waliishi.

Siri ya dawa hizi iko katika namna virusi vinavyozaana. Virusi vya korona na vya Ebola hubeba maelezo yao katika RNA, na kila kimoja kina kimeng'enya cha kunakili uzi huo kipande kwa kipande. Dawa hujifanya mojawapo ya vipande hivyo. Kimeng'enya hukipokea kama fundi anayepachika tofali lililopinda bila kugundua: anaongeza matofali machache juu yake, kisha ukuta unakataa kupanda. Nakala haikamiliki, na virusi vipya havizaliwi. Kwa kuwa virusi vingi vya RNA hutumia mbinu inayofanana, ilikuwa busara kuijaribu dawa ya ukoo mmoja kwa paka wa Davis na kwa mgonjwa wa Ebola huko Beni.

Jaribio la Kongo lilipewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Liliongozwa na INRB, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, pamoja na NIAID, taasisi ya Marekani ya magonjwa ya kuambukiza. Lilianza Novemba 2018 na likapokea wagonjwa 681. Lilifanyika katikati ya vita na hofu. Februari 2019 vituo vya matibabu ya Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu cha Graben, Butembo.

Wagonjwa 175 walipewa remdesivir, na asilimia 53 kati yao walikufa. Kwa dawa mbili bora vifo vilikuwa takriban asilimia 35. Hizo ni kingamwili, nazo hukishika kirusi kabla hakijaingia katika seli. Moja, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyenusurika Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Jaribio lilifundisha pia kwamba kila siku ya kuchelewa kufika kituoni ilimpunguzia mgonjwa matumaini ya kupona.

Miezi michache baadaye korona mpya ikaizunguka dunia. Remdesivir ikatolewa kabatini upesi, na Oktoba 2020 ikaidhinishwa Marekani. Tafiti zilitofautiana kuhusu ukubwa wa faida yake, lakini hakuna aliyeanza kutoka sifuri. Maabara ilikwisha kuonyesha kwamba dawa za ukoo huu huzuia virusi vya korona, na wagonjwa wa Butembo na Beni walikwisha kuonyesha jinsi mwili wa binadamu unavyoipokea remdesivir.

Mchango huo hautajwi vya kutosha. Korona inaposimuliwa, husimuliwa Wuhan, London na New York, ilhali familia za Kivu zilizokubali ndugu zao waingizwe katika jaribio, huku mlipuko wa Ebola ukiua watu 2,287, hubaki nje ya hadithi. Zina haki ya kuambiwa kwamba hata jibu la "dawa hii haitoshi" lilikuwa elimu, na kwamba elimu hiyo ilisafiri mbali. Butembo ina Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kinachofundisha udaktari wa binadamu na wa mifugo pia. Hapo ndipo pa kufundishia habari hii yote, paka na watu kwa pamoja, ili mtafiti atakayejaribu dawa ijayo awe mtoto wa Butembo mwenyewe.