Mawimbi ya Redio Katika Msitu wa Kando ya Mto

Mto Kiwira huteremka katika milima ya Rungwe, hupita chini ya Daraja la Mungu karibu na Tukuyu, kisha huingia katika tambarare ya Kyela na kumwaga maji yake katika Ziwa Nyasa. Mvua kubwa inyeshapo milimani, wakulima wa mpunga na kakao wa Kyela huweza kupatwa na mafuriko. Habari ya kujaa kwa mto ikiyatangulia maji yenyewe, maisha na mali za watu huokolewa.

Njia mojawapo ya kupeleka habari hiyo ni mtandao wa vihisi visivyotumia waya. Kihisi ni chombo kidogo kinachopima, mathalani, kina cha maji. Redio yake ndogo ya betri hupeleka vipimo kwa chombo jirani, na hicho kwa kingine, hadi kituoni. Je, vyombo hivyo vyaweza kuachana kwa umbali gani?

Mahali peupe, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya wimbi hubaki robo. Msituni hasara huzidi. Majani na matawi yana maji, nayo maji hufyonza nguvu ya wimbi na kuigeuza joto. Mashina huitawanya kila upande. Wimbi fupi ndilo lidhoofikalo zaidi. Redio ya megahezi 2,400 ina wimbi la sentimita 12.5, ile ya megahezi 433 ina wimbi la sentimita 69 hivi. Kwa kanuni aliyoitoa Weissberger mwaka 1982, wimbi likipita mita 100 za miti yenye majani mengi, mbali na hasara ya umbali, lile fupi hubakiwa na sehemu 1 kati ya 360 hivi za nguvu yake, na lile refu sehemu 1 kati ya 37.

Matone ya mvua angani hayayazuii sana mawimbi haya, lakini majani yaliyolowa huyafyonza zaidi. Basi siku ya mafuriko, ambapo habari yahitajiwa mno, ndiyo siku ambayo redio husikika kwa umbali mfupi zaidi. Mtandao uliofanya kazi vizuri wakati wa kiangazi waweza kunyamaza wakati wa masika.

Tena, wimbi huhitaji nafasi wazi pande zote za mstari unaounganisha antena mbili. Kwa megahezi 433 na umbali wa mita 200, nusu-kipenyo cha nafasi hiyo katikati ya safari ni karibu mita 6. Kwa hiyo antena iliyowekwa chini, penye matete na migomba, hupoteza nguvu nyingi.

Yafaa basi kihisi kikae mtoni, bali antena iinuliwe juu ya mlingoti. Wimbi lifuate uwazi wa mto badala ya kupenya miti. Na umbali upimwe siku ya mvua. Mwanafunzi aweza kuhakikisha urefu wa mawimbi yaliyotajwa kwa kugawa kasi ya nuru, mita milioni 300 kwa sekunde, kwa idadi ya mitetemo ya kila sekunde.