Naftalini na mahindi visilale pamoja

Ndugu wanakoperative, ukifungua mlango wa depo na harufu ikakupokea mbele ya mahindi, basi kuna naftalini ndani. Ndivyo ilivyotupata kwenye koperative moja, barabara ya Banalia. Katika kila gunia walitia vidonge 3 ao 4, vile vyeupe vinavyouzwa sokoni Kisangani. Mama wa depo alituambia: « Si inafukuza mende ku sanduku ya nguo? Fukusi nao watakimbia. »

Hatukumlaumu, maana fukusi wanamaliza jasho la mwaka mzima. Lakini mahindi yale yalikuwa ya kula.

Naftalini inatolewa katika lami ya makaa ya mawe ao petroli, na viwandani inatengenezewa plastiki na rangi. Inayeyuka kwa digrii 80, lakini haingoji moto: kwenye joto la kawaida inageuka mvuke moja kwa moja, ndiyo maana kidonge kinaisha bila kuacha maji. Mvuke ule ni mzito kuliko hewa. Unashuka kati ya magunia na kuingia katika punje. Tena unawaka.

Hatari kubwa iko ku damu. Watu wengine wanazaliwa na upungufu unaoitwa G6PD, na katika nchi za malaria kama yetu ni wengi. Kwao naftalini inavunja seli nyekundu za damu. Mtoto mchanga anaweza kuumia hata kwa nguo zilizolala nayo. Wakubwa kidogo wanaidhani bonboni. Mtoto akimeza, msimpe maziwa wala mafuta, vinaisaidia kuingia mwilini. Mpelekeni hospitali na pakiti mkononi, hata kama anacheza vizuri. Mkojo mweusi na macho ya manjano vinaweza kuchelewa siku 1 mpaka 3.

Mwenye kuitumia kwa nguo aiache katika pakiti yake, ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko cha kukaza, juu, mbali na moto, chakula na watoto. Nguo zianikwe upepo mbele ya kuvaliwa.

Na fukusi? Anikeni mahindi mpaka punje ivunjike kwa mlio ku meno. Kwa mvua zetu inataka uvumilivu. Kisha jazeni bidoni safi, isiyobeba dawa hata siku moja, mpaka mdomoni, na mfunge kabisa. Fukusi watamaliza hewa wenyewe, watakufa.

Mama wa depo ameanza na bidoni 6.